Hodi ya Tatu kwa Bi Mize

Makangale, 5 Mei 2024

Mdogo wangu Abdulnasir,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako unakunywa chai, maana naijua hulka yako ya kusoma umesimama na kuruka mistari. Hii usiruke.

Sisi huku wazima. Masika yametunyeshea mpaka uani kumeota uyoga. Shemeji yako Masoud kiuno kimemshika tangu alipopalilia muhogo peke yake. Nilimwambia atafute mtu wa kumsaidia, akajidai kijana, na sasa analala ubavu mmoja ananituma maji. Kaburi la Mama halikutitia hata kwa mvua hizi. Nimelipandia asumini.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nampa Bi Siti wa jirani, anakuja huko kumtazama mwanawe aliyejifungua. Sababu ni hii, na ukicheka cheka kimoyomoyo. Siku ya khitma ya Mama nilikupigia simu ili nawe usikie dua. Ikapokelewa. Nikasema, "Nasiri, sikiliza, wanaanza." Kisha nikasikia mtu anashusha pumzi, ile pumzi ya Mama akishamaliza kupanda vidato vya baraza na kuweka mkono kiunoni. Nikakata. Baadaye ukamwambia Masoud kwamba siku ile ulikuwa huko jangwani kazini, mtandao hakuna, na simu yako haikulia kabisa. Basi tangu hapo mimi na wewe ni kwa karatasi.

Sasa la kukuandikia. Wakumbuka Mama alivyokuwa na hodi yake. Ya kwanza hajibu, ya pili hajibu, ya tatu ndiyo anasema karibu. Alisema walio watu hurudi mara ya tatu, na wasio watu huchoka mara ya pili. Na lile grupu la simu la ukoo, "Nyumbani kwa Bi Mize", aliliendesha vivyo hivyo. Anayetaka kuingia aombe, ombi la kwanza analikataa, la pili analikataa, la tatu anamfungulia na kumwandikia "Karibu" na jina lake, sote tuone. Admini alikuwa yeye peke yake. Nani angethubutu kumwomba mama aliye hai ampe ufunguo wa nyumba yake? Ingekuwa kumpimia sanda. Na alipofariki, namba yake ikabaki mle mle, na picha yake ya asumini, na mlango ukabaki umefungwa. Hatuna wa kuufungua.

Sikiliza basi. Mama mdogo Bi Duni, kule Fundo, kanunuliwa simu mpya na laini mpya. Akaomba kuingia kwenye grupu. Tukamwambia hakuna wa kukufungulia, mwenye nyumba hayupo. Kwa ubishi wake akaomba tu. Ombi la kwanza likafutika, la pili likafutika. La tatu, Ijumaa baada ya sala, sote tuliona Bi Duni ameingia, na chini yake, kutoka namba ya Mama: "Karibu Duni."

Simu ya Mama imo ndani ya kasha lake, imezimwa tangu siku ya maziko. Ufunguo wa kasha nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu, na hapa ninapoandika naushika.

Wewe ndiye uliyemfundisha Mama mambo ya grupu. Niambie ukweli, umefanya kitu huko uliko? Ikiwa ni wewe sitakasirika. Nitafurahi.

Dada yako,
Saada

*

Muscat, 11 Juni 2024

Dada Saada,

Shikamoo, na nakubusu mikono yote miwili. Nimekaa kitako, chai ninayo, na barua nimeisoma mara mbili bila kuruka. Bi Siti alinifikia salama, kaniletea na samaki mkavu uliomfungia, na harufu yake imewafanya jirani zetu wahame nusu siku.

Joto la huku halisemeki. Ruweida anakusalimu. Tumbo limekuwa kubwa, akikaa hawezi kuinuka mpaka nimvute, na kila nikimvuta ananilaumu mimi. Tunatarajia mwezi wa tisa, inshallah. Mwambie Masoud kiuno apakae mafuta ya karafuu na aache ujana.

Dada, si mimi. Wallahi si mimi. Nimewaza labda laini ya Mama imepewa mtu mwengine, hutokea namba ikikaa sana bila kutumika. Lakini mtu wa pembeni angejuaje hodi tatu? Angejuaje kumwita Bi Duni kwa jina lake tupu, kama dada kwa mdogo wake?

Nitakwambia nilichohisi, na usinione mjinga. Nilifurahi. Nilisema kumbe mlango unafunguka.

Unajua Mama alinitoa mimi kwenye grupu mwaka jana, kabla hajaanza kuumwa. Mimi, niliyekaa naye kwenye simu jioni nzima kumwonesha pa kubonyeza. Hakunitukana, hakunambia nimekosa nini. Nilipompigia kumuuliza, akasema, "Kaa nje mwanangu. Nje kuna hewa." Kisha akaniuliza nimekula nini. Mpaka anafariki nilimuuliza, na mpaka anafariki alinijibu hivyo hivyo. Ningekuja kumzika na kumuomba radhi mbele ya jeneza, lakini habari ilinifikia jangwani ameshazikwa.

Sasa naenda kuwa baba. Siwezi kumshika mtoto huku sijui kama mama yangu kaondoka ameniridhia au hakuniridhia. Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho. Umenieleza alivyokunywa uji, alivyosomewa Yasini, nani alimfumba macho. Hujanambia alisema nini juu yangu. Alisema nini, dada?

Linki ya grupu bado ninayo. Jana nimeomba kuingia, hodi ya kwanza.

Mdogo wako,
Nasiri

*

Makangale, 16 Julai 2024

Nasiri,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa habari ya Ruweida. Asinyanyue ndoo, na usimnunulie vyakula vya kwenye makopo. Masoud anajikongoja sasa, jana kafika mpaka msikitini na kurudi, akataka asifiwe. Nimemsifu. Muhogo umekuwa mzuri mwaka huu, nguruwe pori wa msituni Ngezi hawakuja.

Mama mdogo Bi Duni kafariki. Ni Ijumaa ile iliyofuata baada ya kukuandikia. Hakuumwa. Alilala mchana, hakuamka. Tumemzika Fundo, mashua ilitujaa maji kidogo lakini tulifika. Ni mtu mzima, umri ulishamfika, na watu wote wamesema hivyo.

Uliponiambia ulivyopiga hodi nilimwambia Masoud tufungue kasha. Hataki mambo ya kitoto, kama unavyomjua, lakini alifungua. Simu imezimwa, ubaridi mtupu, na vumbi limeikaa juu bila alama ya kidole. Akasema, "Basi umeridhika?" Nikamwambia nimeridhika.

Nasiri, usiombe tena. Nyumba ya Mama ni hii ninayolala, si ile ya kwenye simu. Ukitaka kupiga hodi njoo upige hapa. Sina zaidi ya hilo.

Kazija binti Hija kaolewa Vitongoji, harusi ilikuwa nzuri, pilau lilikuwa na chumvi nyingi. Nyange anakuja kutuchumia karafuu msimu ukianza, yeye ndiye pekee wa ukoo huu asiyeogopa kupanda mpaka kileleni.

Dada yako,
Saada

*

Muscat, 22 Agosti 2024

Dada Saada,

Shikamoo. Innalillahi kwa mama mdogo. Nimemlilia, alikuwa akinificha chini ya kitanda chake nikimkimbia Mama na fimbo. Mungu ampe kauli thabiti.

Ruweida mzima, miguu imevimba. Mimi narudi jangwani wiki ijayo, kule kambini simu haishiki, kwa hiyo ukiwa na la haraka usimtume Masoud kupiga, hatanipata.

Barua yako nimeisoma kitako kama ulivyoniagiza. Nimesoma habari za kiuno, za nguruwe pori, za chumvi ya pilau. Nilichokuuliza hakimo. Wewe si mtu wa kusahau, dada. Ukinyamaza unanyamaza kwa makusudi, nakujua tangu utotoni. Basi nauliza tena, alisema nini Mama juu yangu?

Hodi ya kwanza ilikataliwa. Ya pili nimeipiga juzi, nayo imekataliwa. Ombi linakaa kidogo, kisha linarudi pale mwanzo kama sikuomba kitu. Ruweida ananiona nimeshika simu ananiuliza nasubiri nini, namwambia kazi. Lakini moyo wangu umetulia, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi yake. Mara mbili hakuna jibu. Mama hajawahi kumwacha mtu nje kwenye hodi ya tatu, hata yule jirani mgomvi wa mpaka wa shamba alikaribishwa na akapewa kahawa.

Nitarudi mjini kwa ajili ya Maulidi. Siku hiyo ndiyo nitapiga ya tatu. Akinifungulia nitajua ameniridhia, na mtoto akiwa wa kike nitampa jina lake. Wala sijali ni nani anayebonyeza. Nataka tu nione ameniandikia: Karibu Nasiri.

Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Nasiri

*

Makangale, 4 Septemba 2024

Nasiri,

Barua yako imenifika leo asubuhi na nakujibu leo leo, kuna mtu wa Wete anaondoka keshokutwa. Salamu zangu kwa Ruweida zifikishe mwenyewe. Masoud mzima. Leo sina habari za muhogo.

Usipige hodi ya tatu.

Nyange kafariki, Nasiri. Alikuja kwetu kuchuma kama nilivyokwambia. Simu yake ya zamani iliangukia baharini, akanunua nyengine na laini nyengine, akataka kurudi kwenye grupu. Nilimkataza. Akanicheka, akaniita Shangazi, ingawa mimi ni binamu yake, kwa sababu eti nimeanza kuzeeka na kuogopa vivuli. Akaomba, akaomba tena, na ya tatu tulikuwa tumekaa uani tunakunywa chai, simu yake ikalia. "Karibu Nyange." Aliwaonesha wachumaji wote, akasema Bi Mize bado anamtambua.

Alipanda baada ya adhuhuri. Mkarafuu ule wa kisimani, anaupanda tangu ana meno ya utoto. Walikuwapo watu chini na mimi nilikuwapo, nachambua. Tulimsikia anaitika juu, "Naam, naja," kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Hakuna aliyemwita. Kisha akaachia tawi. Hakuteleza, Nasiri. Aliachia.

Na la Bi Duni sikukwambia lote. Mkwe wake aliniambia siku ya maziko, nami nikamkanya asilisambaze. Mchana ule Bi Duni alikuwa kajinyoosha kitandani, mlango wazi. Mkwe alikuwa nje anapara samaki. Akamsikia anasema, "Naam, naja." Akadhani anaota.

Mimi nimejitoa kwenye grupu siku ile ile ya msiba wa Nyange. Niliwaomba na wengine wajitoe, wakaniona nimepagawa na huzuni. Masoud amekupigia mpaka betri imekwisha, hupatikani. Ujumbe aliokutumia umebaki na tiki moja.

Hilo ulilouliza nitakujibu ana kwa ana. Sasa naomba moja tu. Siku ya Maulidi ikifika, iweke simu mbali. Mpe Ruweida aifiche.

Dada yako,
Saada

*

Muscat, 27 Septemba 2024

Saada,

Barua yako ya mwisho niliyopata ni ile ya Julai. Na hata ingekuja nyengine, najua ingekuwa na habari za kuku. Ujumbe wa Masoud nimeuona kwenye simu, sikuufungua.

Nilichelewa kutoka jangwani, gari liliharibika, nikaingia mjini Maulidi yenyewe. Nimepiga hodi ya tatu kama nilivyosema. Nilikuwa nimeoga, nimevaa kanzu nyeupe, nimekaa sebuleni kama bwana harusi. Ombi lilikaa muda mrefu kuliko mara zile mbili. Nikaanza kutabasamu. Nikamwita Ruweida aje aone.

Likafutika mbele ya macho yetu.

Bi Duni alifunguliwa. Mgomvi wa mpaka alifunguliwa. Mimi mwanawe wa kumzaa nimekataliwa mara tatu. Ruweida akaniambia ni mtambo tu, hauna akili. Lakini yeye hakumjua Mama.

Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Siku ya saba imepita na sikumpa jina. Ruweida analia, mama yake kapiga simu kuniuliza nina nini. Nitampaje mwanangu jina la mtu aliyenifungia mlango hai na maiti?

Ulijua, dada. Ulijua aliondoka hana radhi nami ndiyo maana hukunambia. Ungeniambia tangu mwanzo nisingelikaa mlangoni kama ombaomba.

Usiniandikie.

Abdulnasir

*

Makangale, 21 Oktoba 2024

Nasiri, mdogo wangu,

Wa alaykum salaam, ingawa hukunisalimu.

Kiuno cha Masoud kimepona. Karafuu zimeanikwa mpaka barabarani, harufu imeingia hata kwenye mito ya kulalia. Asumini ya kaburini imetoa ua. Nimeyatanguliza haya kwa sababu hata leo sijui kukuandikia bila kuyatanguliza, na umenikataza kuandika na mimi naandika.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yangu ya Septemba. Yule mtu wa Wete alikwama Unguja, pasi yake ya kusafiria ina kasoro, akarudi nayo wiki iliyopita. Isome hiyo kwanza, kisha rudi hapa.

Umeisoma? Basi sasa jua kwamba aliyekukatalia hodi ya tatu ni mimi.

Siku ya Maulidi watu wote walikuwa skuli kwenye shughuli, na Masoud pamoja nao. Mimi nilibaki na vyungu. Sikuwa na hakika barua imekufika. Nikafungua kasha, nikaitia simu ya Mama kwenye chaji, waya ukanitoka mara kadhaa. Ikawaka. Mchoro wa kufungulia naujua, niliuchora mimi kwa kidole chake. Nikaingia pale wanapoonekana wanaoomba kuingia. Ulikuwapo, na ile picha yako ya shati la buluu. Chini yako kuna pa kukubali na pa kukataa.

Nitakueleza nilichokihisi na Masoud asijue. Kioo chote kilikuwa baridi, kimetoka ndani ya kasha. Palikuwa na joto mahali pamoja tu, pale pa kukubali, kama palikuwa pamekaa kidole cha mtu. Nikabonyeza pa kukataa, nikakishikilia kidole changu pale mpaka jina lako likaondoka. Zile mbili za mwanzo sijui ni nani alikukatalia. Ya tatu ni mimi, na nimefanya kwa amri ya Mama.

Uliniuliza Mama alisema nini juu yako, na mimi nikakujibu habari za muhogo. Alisema hivi. Asubuhi ile ya mwisho alinishika mkono, macho yake yako mlangoni, akasema, "Nasiri msimfungulie. Hata akipiga hodi ya tatu." Basi. Hakusema jengine mpaka shahada. Nilidhani anaondoka na kinyongo nawe. Ningekuandikiaje neno kama hilo, nawe uko peke yako ugenini? Nikalimeza.

Mpaka Nyange alipoanguka. Nilikuwa nimemshika kichwa, wanakwenda kuleta gari, na maneno ya Mama yakanijia masikioni, na safari hii nikayasikia yalivyo. Nani kwenye maisha yake Mama alimwacha nje kwenye hodi ya tatu? Hata wewe umeandika, hakuna. Ni wewe peke yako Mama aliagiza uachwe. Na kabla ya hapo, angali na nguvu zake, kabla hata ya kuumwa, ni wewe peke yako aliyekutoa. Kaa nje mwanangu, nje kuna hewa. Sijui aliona nini. Kuna jioni alikuwa akikaa anaitazama ile simu bila kuishika, nikimuuliza anasema anahesabu watu wake. Anayesema Karibu mle ndani si Mama, Nasiri. Mama ndiye aliyekuwa akikufungia mlango ili huyo asikufikie.

Wewe ulidhani umefungiwa kwa hasira. Ulifungiwa na mama aliyejua ndani mna nini. Radhi unayoitafuta unayo tangu siku ile aliyokutoa, na hakuna mtoto wake mwengine aliyepata radhi kama hiyo.

Nasema mwengine nikijitia na mimi. Imeniuma, wacha niseme. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kijiko, mimi nimemwosha, na mimi aliniacha ndani. Nimekuonea wivu mpaka nimelia, mtu mzima mimi, na mvi zangu. Labda alihitaji mmoja abaki kumshika mkono. Labda hakuwa na nguvu ya kututoa wote. Nimemsamehe, lakini ilinichukua siku nyingi, na siku nyengine bado.

Nilipomaliza na wewe nikafanya kama alivyofanya yeye. Niliwatoa wote kwenye grupu, mmoja mmoja, Hija, Kazija, Mardhiya, watoto wa Vitongoji wote. Walikasirika, wakasema nani huyo anacheza na simu ya marehemu. Nikawaambia ni mimi, na hawajanisamehe mpaka leo. Bora wanikasirikie. Wawili hawakutoka. Bi Duni na Nyange. Nawatoa, naangalia, wamo.

Nikataka kuizima. Ndipo nikaona pale wanapoomba kuingia pana jina jengine. Saada. Picha yangu, namba yangu. Simu yangu ilikuwa jikoni juu ya pipa la mchele, na mimi sijaomba kuingia popote. Nikajikataa. Likaondoka. Nikakaa chini nikavuta uradi, nilipotazama tena limerudi. Nikajikataa mara ya pili. Pale pale simu ikazima, mgongo wake umevimba, na tangu siku ile haiwaki. Masoud kaipeleka kwa fundi Konde, fundi kasema imekufa. Kwa hiyo likija la tatu, hakuna pa kubonyeza.

Sikuandikii haya ili uniogopee. Nakuandikia uje. Mtoto mpe jina la Mama leo leo, usingoje, unayo haki nalo. Mchukue na Ruweida, mje mkae siku mtakazoweza, nimwone Mize mdogo nimbebe.

Lakini ukifika, Nasiri, usipige hodi. Najua si adabu, na sisi hatukulelewa hivyo. Mlango wa mbele nitauacha wazi mchana kutwa. Usiniite ukiwa njiani, usiniite ukiwa barazani. Ingia moja kwa moja mpaka nilipo, unishike mkono kwanza, ndipo useme.

Maana wiki hii kuna mtu anapiga hodi mlango wa uani, kwa sauti yako. Amepiga mara mbili. Kila mara nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Dada yako,
Saada